Paka Wangu na Firigisi ya Wasike

Paka wangu alihukumiwa kifo mchana kweupe, mbele ya ploti nzima, kwa kosa la wizi.

Shahidi wake alikuwa mmoja tu. Mimi.

Na mimi nilikuwa nimeshonwa mdomo.

Sitanii, wallahi. Nyuzi kabisa, nyuzi nyeusi, kule nyuma upande wa kushoto.

Ilikuwa mwaka wa tisini na mbili, Kondele, Kisumu. Naitwa Obeid, fundi wa redio, na walionijua enzi hizo wanajua sikuwa mtu wa kunyamaza. Ukinikanyaga kiatu leo, nakutukana mpaka kesho kutwa. Ploti yetu ilikuwa na vyumba vya mabati vikitazamana, bomba moja la maji katikati, na kelele za kutosha mji mzima. Kelele nyingi zilikuwa zangu.

Basi gego langu la mwisho likanigeukia. Lilikuwa limelala ubavu ndani ya ufizi, halioti wala halitoki. Shavu likavimba mpaka jicho likafunga. Nikatafuna karafuu, nikasukutua maji ya chumvi, wapi! Nikaenda hospitali.

Daktari akapasua ufizi, akalivunja jino vipande vipande, akavuta. Nilisikia mfupa ukilia ndani ya kichwa changu mwenyewe. Akashona, akanijaza pamba.

"Usitafune. Usiteme mate kwa nguvu. Na usiongee," akaniambia. "Nyuzi zikiachia utarudi hapa, na mimi sitakuwa na huruma."

Nikamtazama kwa chuki. Obeid asiongee? Kwani anataka nife?

Lakini kilichonitia wasiwasi haukuwa mdomo. Kilichonitia wasiwasi alikuwa Sajini.

Sajini ndiye paka wangu. Dume la mistari, mikono yake ya mbele ina mistari mitatu mitatu, ndiyo maana ya hilo jina. Mwizi? Sikatai. Pasaka ya mwaka huo alikula vifaranga viwili vya jirani yangu Wasike, na manyoya akaniletea kitandani.

Wasike alikaa mlango unaotazamana na wangu. Mbukusu wa Bungoma, kazi yake reli, mwili mkubwa, hasira fupi. Aliapa mbele ya watu wote pale bombani.

"Huyu paka akigusa tena kitu changu, namtia guniani, namtupa ziwani. Na wewe Obeid ukifungua huo mdomo wako, gunia ni kubwa."

Nilimjibu siku hiyo. Tusiandike hapa nilimjibu nini.

Sasa fikiria. Niko hoi, kichwa kinagonga, siwezi kumwita paka, siwezi kubishana na mtu. Sajini akizurura nje hata mara moja, kwisha. Kwa hiyo Jumatano ile nilipotoka hospitali nikamshika, nikamtia ndani, nikafunga mlango kwa komeo.

Yawa! Paka wa Kondele hajui kufungiwa.

Alipasua pazia. Akakojoa ndani ya kiatu changu cha Ijumaa. Akasimama mlangoni akilia, na kila kilio kilikuwa kinaingia moja kwa moja kwenye kidonda. Nikamrushia mto. Akanirushia macho. Siku ile tulichukiana kama ndugu wanaogombea shamba.

Alhamisi nikaona hapa hakuna ujanja. Huyu akiendelea kulia, nitabomoa hii nyumba kwa kichwa. Lazima aridhike.

Nikavuta meza yangu ya kazi mpaka dirishani. Dirisha lilikuwa na waya, hawezi kutoka, lakini anaona kuku wa Wasike wakipita. Akakaa pale meno yakimgonga kwa tamaa. Ile ikawa televisheni yake.

Nikachukua kanda za kaseti zilizoharibika, nikazitoa utepe, nikazining'iniza kwenye boriti. Upepo ukiingia zinacheza, na Sajini anaruka nazo. Nikamwekea boksi la redio kubwa, nikalitoboa matundu, ndani nikatia kizibo cha chupa. Karai la mchanga pembeni kwa haja zake, nikibadilisha kila asubuhi.

Chakula ndio ulikuwa ushirika wetu. Nilikuwa nanunua mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwandani wakishatoa minofu. Nachemsha. Supu yangu, nyamanyama zinazobaki kwenye mfupa zake. Sufuria moja, wagonjwa wawili.

Kufikia Jumamosi alikuwa ameridhika kuliko mimi. Analala kifuani kwangu, ananguruma. Mimi mate yananitoka na damu.

Jumapili ikafika, na matatizo yakabisha hodi.

Mama yake Wasike alikuwa amekuja kutoka Bungoma kumtembelea mwanawe. Mama Nasipwondi. Mwembamba, amenyooka, akikutazama unajikagua vifungo. Wasike alikuwa na mke, Nakhungu, miaka mitatu ndani ya ndoa na hakuna mtoto. Mama mkwe hakuficha. Alikuwa anauliza kwa sauti, watu wote wakisikia, kama kule kwao Nakhungu wanawake wote wako hivyo.

Nakhungu alikuwa mpole. Akipita anapita kando ya ukuta. Mimi na ukali wangu wote, yule dada nilimhurumia.

Sasa kwa mgeni kama huyo kuku lazima afe. Na pale kwetu ploti kulikuwa na desturi. Wakristo wakitaka kuku aliwe na kila mtu, wanamwita Mwislamu ashike kisu. Mwislamu wa ploti alikuwa mimi.

Mama Nasipwondi mwenyewe akaja mlangoni na jogoo kwapani.

"Mwanangu, tuchinjie."

Nyuma yake nikamsikia Wasike, akimwita mama yake kwa Kibukusu. "Mayi, hata mimi najua kuchinja! Huyo wa nini?"

"Nyamaza wewe. Huyu ni mgonjwa, anahitaji supu. Asipochinja mwenyewe atakunywaje?"

Nikasema moyoni, kumbe huyu mama ana utu. Nikatoka, nikamfungia Sajini nyuma yangu, nikachinja. Bismillahi niliinong'ona kwa shida, ulimi ukigonga nyuzi. Nikarudi ndani, nikafunga.

Baadaye mama yule yule akaniletea bakuli lenye moshi.

"Nakhungu amekukatiakatia," akasema. "Amesema huwezi kutafuna."

Nikaitikia kwa kichwa. Ile supu, jamani! Tangu Jumatano nilikuwa naishi kwa mifupa ya samaki. Ndani mlikuwa na vipande vidogo vidogo, vigumu kidogo, vinateleza. Nikavimeza kama vidonge. Sajini akanisumbua, nikampa kimoja cha mwisho. Akakitafuna kwa niaba yangu.

Nilikuwa sijaweka bakuli chini niliposikia ngurumo.

"IKO WAPI?"

Alikuwa Wasike.

"Nakhungu, firigisi yangu iko wapi?"

Kwa wasiojua, niwaeleze. Kwa Waluhya, na Wabukusu ni Waluhya, firigisi ya kuku ni ya mwenye nyumba. Si ya mgeni, si ya mtoto, si ya mke. Wapo wanawake waliorudishwa kwao kwa ajili ya hicho kinyama kidogo. Mke akileta kuku mezani bila firigisi, ni kama amemwambia mumewe kwamba kuna mwanamume mwingine anayemheshimu zaidi.

Pale bombani mtu alifunga maji ili asikie vizuri.

Kisha nikaisikia sauti ya Nakhungu, ndogo.

"Ni paka. Paka wa Obeid aliichukua nikiwa bombani."

Paka gani? Nikamtazama Sajini. Alikuwa amelala chali katikati ya tepu za kaseti.

Kabla sijasimama, Wasike alikuwa mlangoni kwangu na gunia mkononi.

"Toa huyo mnyama!"

Nikaenda dirishani. Nikatikisa kichwa. Watu walikuwa wameshajaa. Nikaonyesha komeo, nikaonyesha paka, nikahesabu siku kwa vidole.

"Huyu bubu anasema nini?" Wasike akafoka.

Mama Lornah wa chumba cha mwisho, ambaye hakuna kinachompita pale ploti, akajibu. "Anasema paka hajatoka tangu Jumatano. Na ni ukweli, Bwana Wasike. Mimi sijamwona nje wiki hii."

Wasike akageuka polepole akamtazama mkewe.

"Kama paka alikuwa ndani, nani amekula firigisi yangu?"

Hapo ndipo nilipokumbuka vile vipande. Vigumu. Vinateleza.

Nyama ya kuku haiko hivyo.

Firigisi nilikuwa nayo tumboni. Na kwa maneno niliyoambiwa, aliyenikatia ni Nakhungu. Mke wa mtu amemnyima mume firigisi, akampa kapera wa mlango wa mbele. Hilo ukilisema Kondele, nani atakuuliza kama ilikuwa ni bahati mbaya?

Nakhungu aliinua macho akanitazama kupitia ule waya. Sijawahi kutazamwa hivyo. Aliniomba bila kusema.

Kalamu nilikuwa nayo. Karatasi nilikuwa nayo. Ningetaka kusema, ningesema. Lakini nikisema, yule dada angepigwa pale pale, kisha angefungashwa kwenda kwao na jina la umalaya. Na zamu ya kipigo ingekuwa yangu.

Nikashusha mkono. Nikainua mabega, kama mtu asiyejua. Labda alitoka, labda hakutoka.

"Aaah!" Wasike akapiga mlango teke. "Kumbe alitoka! Sasa sikiliza, Obeid. Mlango wako sivunji, sitaki kesi. Lakini paka hakai ndani milele. Nitangoja."

Na akangoja, huyo mshenzi! Alileta kigoda, akakiweka mbele ya mlango wangu, gunia magotini. Asubuhi kabla ya kwenda kazini yuko pale. Jioni akirudi yuko pale. Mama yake anamletea chai hapo hapo. Mara nyingine ananisalimia dirishani, "Hujambo, Obeid? Paka hajambo?" na anacheka.

Nilimtukana moyoni kwa Kiswahili, kwa Kijaluo, na kwa Kiarabu kidogo nilichosoma madrasa.

Sasa kumridhisha Sajini kukawa ni kazi ya kufa na kupona. Nikifungua mlango kwenda kuchota maji, akichomoka tu, ni gunia. Kwa hiyo nilimchosha kwa michezo kabla sijagusa komeo. Nilimlisha mbuta mpaka tumbo likaburuta. Tepu alishazizoea, nikatengeneza kigari cha magurudumu ya kinanda cha kaseti, nakivuta na uzi nikiwa kitandani. Mke wangu wa sasa hajawahi kubembelezwa hivyo, na ananikumbusha kila akisikia hii hadithi.

Asubuhi moja nikaamka nikamkuta akicheza na kitu kando ya mlango. Anakirusha juu, anakidaka, anakiacha.

Omena. Kifungu kidogo cha hizo dagaa za ziwani, kimesukumwa chini ya mlango.

Nikatazama. Zilikuwa na ungaunga mweusi. Nikadhani ni mchanga, maana wanawake walikuwa wanaanika omena zao uani kila siku. Sajini hakuwa amekula hata moja. Alikuwa ameshiba, na paka aliyeshiba huchezea chakula. Nikachukua ufagio, nikazifagia nje, nikafunga.

Maji ya chai hayakuwa yamechemka nilipoanza kusikia kelele.

Halafu mlango ukagongwa kwa ngumi.

Wasike alikuwa amesimama pale na kuku wake wa mayai, amemshika miguu, kichwa kinaning'inia. Povu mdomoni.

"Umeua kuku wangu!"

Nikatazama chini. Omena chache zilikuwa zimebaki pale nilipofagia, nyingine zimedonolewa. Nikaelewa.

Daktari anisamehe. Mdomo ulifunguka wenyewe.

"MIMI? Mimi nimeua? Wewe ndiye umesukuma sumu chini ya mlango wangu, mjinga wewe! Mtu mzima, baba mzima, unapigana na paka! Mwoga! Huna haya! Kama unataka firigisi si ukachinje mwingine, nyumba yako imejaa kuku, roho yako imejaa nini?"

Uzi mmoja ukakatika. Nikausikia kabisa. Damu ikanitiririka mpaka kidevuni, na mimi sijanyamaza. Wiki nzima ya matusi ilikuwa imejipanga foleni.

Nilingoja ngumi. Ngumi haikuja.

Wasike alimtazama kuku, akazitazama omena.

"Sumu?" akasema. "Obeid, mimi nimekaa hapa na gunia, watu wote wakiniona. Nikitaka kumuua paka wako nitamuua mbele yao. Nijifiche kwa nini?"

Hapo nikaona ana hoja. Maana Wasike ana ubaya wake, lakini kujificha hakumo.

Akaenda chumbani kwake. Akarudi na kipakiti cha karatasi, kimechanwa pembeni.

"Dawa ya panya. Nilinunua sokoni Kibuye mwenyewe. Jana haikuwa imefunguliwa."

Nakhungu alikuwa amesimama mlangoni kwao. Akakaa chini.

"Ni mimi," akasema.

Watu wakaguna.

"Paka akifa, na maneno yanakufa. Nilichoka, Wasike. Kila jioni uko na hilo gunia, kila jioni naogopa huyu Obeid atapona mdomo aseme paka hakutoka. Nikaona bora paka afe."

"Kwani firigisi ulikula wewe?"

Nakhungu akatikisa kichwa. Kisha akainua kidole, na kidole hicho kikamwendea mama mkwe wake.

"Nilimwona. Nilikuwa narudi na ndoo, nikamwona Mayi akiitoa kwenye sufuria, akaikatakata, akaitia kwenye bakuli la Obeid. Nilimwona kwa haya macho yangu. Sasa wewe ukauliza iko wapi. Ningemtaja nani? Mama yako? Nikamtaja paka. Paka hana ukoo."

Sote tukamgeukia Mama Nasipwondi. Alikuwa ameshika kikombe cha chai. Hata hakukiweka chini.

"Ni kweli," akasema.

"Mayi!" Sauti ya Wasike ilipasuka kama ya mtoto.

"Mayi nini? Miaka mitatu unalisha mti usiozaa. Ungeniuliza ningekwambia tangu Jumapili. Nilijua huyu jirani yako hawezi kunyamaza, wewe mwenyewe umenilalamikia mwaka mzima. Angemeza, angesema ni Nakhungu amempa, mkeo angerudishwa kwao, na mambo yangekwisha vizuri. Nani alijua atanyamaza?"

Alinitazama mimi kwa hasira, kama niliyemkosea.

"Na huyu mkeo," akaongeza, "nilitaka nione kama ni mwanamke wa kusimama aseme ukweli. Amekimbilia nyuma ya paka."

Wasike alimweka kuku mfu chini. Taratibu, kwa mikono miwili. Akaingia ndani, akatoka na begi la mama yake.

"Gari la Bungoma linajaza mapema, Mayi."

Akatangulia mbele. Mama akamfuata, mgongo umenyooka vile vile. Hakuna aliyeaga. Wasike alimruka mkewe pale chini bila kumtazama.

Mimi nikarudi hospitali nikashonwa upya. Daktari hakuwa na huruma, kama alivyoahidi.

Jioni yake Nakhungu akaja mlangoni kwangu. Macho yamevimba.

"Shemeji, nisamehe. Ulininyamazia, na mimi nilijua unaninyamazia."

Hiyo ndiyo iliyonichoma. Alijua.

"Nilikunyamazia," nikasema kwa shida, "na wewe unanisukumia sumu."

"Ningefanya nini? Niambie wewe. Ningefanya nini?"

"Ungebisha hodi."

Akanitazama kama hajanielewa.

"Ungebisha hodi tu, Nakhungu. Ningemtia Sajini kapuni, ningempeleka kwa dada yangu Port Victoria, ungemwambia mumeo paka amekufa. Ni hilo tu. Mlango ulikuwa hapa hapa."

Aliziba mdomo kwa kanga. Nikaona kwamba wazo hilo halikuwahi kumpitia, hata siku moja. Katika ploti ile yote alikuwa ameona watu wa kuogopa, na paka mmoja wa kuua.

Nikafunga mlango. Sijasema nilifanya vizuri. Mwisho wa mwezi nikahama, mimi na paka wangu.

Wenzangu, mwenye kusoma na asome. Mnyonge akibanwa sana hamtafuti aliyembana. Anamtafuta mnyonge wake. Ukimwona mtu amekanyagwa, mhurumie, ni haki yake. Lakini kabla hujafunga mdomo wako kwa ajili yake, inama kwanza utazame chini ya mguu wake. Huenda na yeye kuna anayemkanyaga.